Akina Mama Saba na Nyumba ya Savannah



Mwezi huu tunawaalika tuache kidogo mambo ya jikoni na uani, tuvuke bahari hadi kusini mwa Marekani, katika jimbo la Georgia. Huko kuna jiji la kale la bandari liitwalo Savannah. Huenda msomaji akauliza, sisi na Savannah ni wapi na wapi? Tunamwomba avumilie. Habari tuliyo nayo ni ya nyumba, na palipo na habari ya nyumba mama hakosi kuwa na neno.

Ni habari ya wanawake saba waliozuia nyumba moja isibomolewe, na jiji zima likapona. Lakini pia ni habari ya watu waliokuwa wamesahauliwa ndani ya nyumba hizo hizo zilizopona. Mambo hayo mawili hayatengani, na ndiyo maana tumeona vema tuyalete pamoja mbele yenu.

Mji juu ya mto

Savannah imejengwa kwenye ukingo wa mto wenye jina hilo hilo, kiasi cha kilomita 30 kutoka baharini. Ukingo huo ni mwinuko mkali wa kama mita 12. Mwezi Februari 1733 Mwingereza James Oglethorpe alipanda juu yake akiwa na walowezi zaidi ya 100. Mahali pale hapakuwa patupu. Palikuwa na kijiji cha Wayamacraw na mzee wao Tomochichi, naye ndiye aliyewaruhusu wageni kukaa. Aliyesimama katikati akitafsiri alikuwa mwanamke, Mary Musgrove, ambaye mama yake alitoka katika kabila la Wacreek na baba yake alikuwa Mwingereza. Wanaume wawili walipeana mikono, lakini maneno yao yalipita kinywani mwa mama huyo.

Oglethorpe aliupanga mji kwa namna ambayo hadi leo watu husafiri mbali kuja kuiona. Kila mtaa ulizunguka kiwanja cha wazi, ili wenyeji wapate mahali pa kukutana na watoto wapate pa kucheza. Kufikia katikati ya karne ya 19 viwanja hivyo vilikuwa 24, na 22 vipo mpaka sasa. Vimefunikwa na kivuli cha mialoni mikubwa yenye majani ya kijivu yanayoning'inia matawini kama ndevu za wazee.

Ukishuka kutoka juu ya mwinuko unafika River Street, yaani barabara ya mtoni. Njia za kushukia zimetandikwa mawe ya kila rangi na kila umbo. Mawe hayo yalikuwa farumi: meli zilizokuja na shehena nyepesi ziliyabeba tumboni ili zisiyumbe, na zilipofika ziliyatupa gatini na kupakia mali. Wenyeji wakayaokota wakajengea kuta na kutandika njia. Kando ya mto yamesimama maghala marefu ya mawe na matofali. Upande wa mto ghorofa za chini zinatazama maji, na upande wa mji ghorofa za juu zimeunganishwa na mwinuko kwa vidaraja vya chuma. Mawakala wa pamba walisimama juu ya vidaraja hivyo wakiukagua mzigo uliopita chini yao na kutaja bei. Ndiyo sababu mahali hapo panaitwa Factors Walk, yaani njia ya mawakala.

Pamba na waliobeba pamba

Georgia ilipoanzishwa, utumwa ulikatazwa kwa sheria. Katazo hilo halikudumu, kwani kuanzia mwaka 1751 utumwa ukawa halali. Mwaka 1793, katika shamba la mjane Catharine Greene karibu na Savannah, kijana Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Kazi iliyokuwa ikichosha mikono kwa siku nzima sasa ilifanyika kwa muda mfupi. Mtu angetazamia kwamba mashine hiyo ingewapumzisha watumwa. La hasha! Wenye mashamba walipanua mashamba, wakahitaji watu wengi zaidi wa kulima na kuchuma, na minyororo ikazidi kukazwa.

Pamba ya majimbo ya kusini ilifika hata kwetu. Ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na meli za mji wa Salem zikaileta Unguja ikiwa kitambaa kigumu cheupe. Wazee wetu walikiita merikani. Kilivaliwa pwani na bara, na misafara ilikitumia kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikawa adimu, na biashara ya merikani Unguja ikadorora. Kwa hiyo tukisema mto wa Savannah uko mbali nasi, tukumbuke kwamba nyuzi za pamba ile ya kusini ziliwahi kukaa mwilini mwa bibi zetu.

Mwaka 1859

Wapendwa, katika historia ya jiji hili kuna mwaka mmoja ambao mama hawezi kuusoma macho makavu. Ni mwaka 1859.

Tarehe 2 na 3 Machi mwaka huo, katika kiwanja cha mbio za farasi nje kidogo ya mji, walinadiwa watu 429: wanaume, wanawake, watoto na wachanga wa kunyonya. Bwana wao, Pierce Butler, alikuwa na madeni mengi, mengine ya kamari. Waliletwa siku kadhaa mapema wakafungiwa katika mabanda ya farasi, na wanunuzi wakapita wakiwachungulia meno na kuwapapasa mikono. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Mnada uliingiza dola 303,850. Mume na mke na watoto wao wadogo walielekea kuuzwa pamoja, lakini wazazi walitenganishwa na watoto wao wakubwa, ndugu na ndugu, wachumba na wachumba. Wazao wa watu hao wanaziita siku hizo Wakati wa Kilio. Ilipita miaka karibu 150 kabla hapajawekwa hata kibao cha kumbukumbu mahali pale. Kiliwekwa mwaka 2008.

Mwaka huo huo wa 1859, ndani ya mji, watu wengine wa hali ile ile walimaliza kujenga kanisa la matofali. Ni kanisa la First African Baptist, ambalo ushirika wake ulianza katika karne ya 18. Mchungaji wao wa awali, Andrew Bryan, alipigwa mijeledi kwa sababu ya kuhubiri, naye hakuacha kuhubiri. Washirika wengi walikuwa watumwa. Mchana walimtumikia bwana, na usiku, wakiwa na uchovu wao, walikuja kujenga. Kanisani hapo husimuliwa kwamba akina mama walibeba matofali ndani ya aproni zao. Katika sakafu ya chini kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio wa pambo. Kanisa husimulia kwamba matundu hayo yaliwapatia hewa watumwa watoro waliofichwa chini ya mbao, mpaka njia ya kuendelea na safari ilipopatikana.

Hebu tufikirie kidogo. Machi mama anamwona bintiye akiuzwa kwa mtu asiyemjua. Usiku mama mwingine, ambaye zamu yake ingeweza kuwa kesho, anabeba tofali. Hawakuwa na hakika ya kuwa na watoto wao mwaka utakaofuata, lakini walijenga jengo la kudumu. Limesimama hadi leo, na ibada zinaendelea ndani yake.

Shule ya jikoni

Katika mji huo huo aliishi bibi mmoja, Dolly Reed, pamoja na mjukuu wake aliyezaliwa mtumwani mwaka 1848. Sheria ya Georgia ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Lakini mjane mmoja mweusi aliyekuwa huru, Bi. Woodhouse, alifundisha watoto kwa siri jikoni mwake. Kila asubuhi mjukuu yule na wenzake walifunga vitabu vyao katika karatasi ili polisi wasivione, wakaingia mlangoni mmoja mmoja kama watoto waliotumwa kitu. Majirani walidhani wanajifunza kazi za mikono.

Mtoto huyo ni Susie King Taylor. Alipokuwa na umri wa miaka kama 14, vita vikiwa vimepamba moto, alikimbilia upande wa jeshi la Kaskazini. Huko aliwafundisha kusoma watoto na watu wazima waliopata uhuru, akawauguza askari weusi, akawafulia na kuwaandikia barua. Baada ya vita alirudi Savannah akafungua shule, na mwaka 1902 alichapisha kitabu cha maisha yake. Mwaka 2023 halmashauri ya jiji iliamua kukipa kimoja cha viwanja vile vya kale jina lake. Hapo awali kilibeba jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa kwa nguvu zake zote. Bila jiko la Bi. Woodhouse, na bila bibi aliyethubutu kumpeleka mjukuu wake huko, jina hilo lisingeandikwa popote.

Zawadi ya Krismasi

Desemba 1864 jeshi la Kaskazini likiongozwa na Jenerali William T. Sherman liliingia Savannah. Sherman alimpelekea Rais Abraham Lincoln simu ya maandishi akimpa jiji hilo kuwa zawadi ya Krismasi, pamoja na mizinga 150 na marobota ya pamba yapatayo 25,000. Jiji halikuchomwa moto, na kwa hiyo nyumba zake nyingi za kale zilibaki.

Sherman alikaa katika nyumba ya kifahari ya mfanyabiashara wa pamba, Charles Green. Ndani ya nyumba hiyo, jioni ya tarehe 12 Januari 1865, waliketi viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi. Walikuwa wameitwa na Sherman na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, ili waulizwe watu wao wanataka nini. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mhubiri mwenye umri wa miaka 67, ambaye miaka michache nyuma alijinunua yeye na mkewe kwa fedha taslimu. Alijibu kwamba wanataka ardhi wailime kwa mikono yao wenyewe, wapate kujitegemea. Siku nne baadaye ilitoka amri ya kuzigawia familia zilizopata uhuru mashamba yasiyozidi ekari 40 katika ukanda wa pwani. Kwa masikitiko, kabla mwaka huo kwisha, Rais Andrew Johnson aliwarudishia mabwana wa zamani sehemu kubwa ya ardhi hiyo.

Jambo moja halikurudishwa nyuma. Mwezi huo huo wa Januari, nyumba iliyokuwa ya dalali wa watumwa, karibu na soko la mji, iligeuzwa shule. Watoto walikaa wakisoma mahali ambapo watu wa rika lao walikuwa wakisubiri kuuzwa. Sisi wa Afrika Mashariki tutakumbuka Mkunazini, Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na ujenzi wa kanisa ukaanza hapo hapo.

Nyumba iliyotakiwa kuwa maegesho

Sasa tuje karne ya 20. Mdudu mharibifu aliingia katika mashamba ya pamba ya Georgia, na bei nazo zikaanguka. Maghala ya mtoni yakabaki matupu, madirisha yakavunjika, nyasi zikaota kati ya mawe ya farumi. Juu ya mwinuko, nyumba za kale ziligawanywa vyumba vyumba vya kupangisha, kila familia chumba chake, na hakuna aliyezipaka rangi. Wafanyabiashara walinunua nyumba kwa ajili ya matofali yake tu. Walizibomoa wakayauza, kwa kuwa matofali ya zamani yalipendwa na wajenzi wa nyumba mpya.

Mwaka 1954 soko kuu la jiji, jengo zuri la matofali lenye matao, lilibomolewa ili pajengwe gereji ya ghorofa ya kuegeshea magari. Wenyeji walihuzunika, lakini huzuni haikulirudisha. Mwaka uliofuata ikasikika kwamba inafuata nyumba ya Davenport. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1820 na fundi Isaiah Davenport kwa ajili ya mkewe Sarah na watoto wao. Fundi huyo alipokufa mwaka 1827, mjane Sarah aligeuza nyumba kuwa ya kupokea wageni wa kulipa, akalea watoto kwa kipato hicho. Sasa ilitakiwa kubomolewa ili kampuni jirani ya mazishi ipate mahali pa kuegesha magari yake.

Hapo wakasimama wanawake saba. Mmojawao, Anna Colquitt Hunter, alikuwa mwandishi wa magazeti na mchoraji. Hawakuwa na cheo serikalini. Walibisha hodi kwa marafiki na majirani, wakachangisha dola 22,500, wakainunua nyumba. Kutokana na juhudi hiyo kikaundwa mwaka 1955 chama cha kuhifadhi majengo, Historic Savannah Foundation.

Tunapenda akina mama wenye vikundi wautazame kwa makini mpango uliofuata, maana una hekima. Chama hakikujaribu kuzishika nyumba zote. Kilianzisha mfuko wa fedha zinazozunguka. Kilinunua nyumba iliyokuwa hatarini, kikamtafuta mnunuzi wa kuiuzia kwa sharti lililoandikwa katika hati, kwamba aikarabati na asiibomoe. Fedha iliyorudi ilinunua nyumba nyingine. Kwa njia hiyo mamia ya majengo yaliokolewa kwa mtaji ambao usingetosha kuyashika yote kwa wakati mmoja. Nani kati yetu aliyewahi kucheza upatu asiyeielewa hesabu hiyo?

Nyumba ya Davenport ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1963. Mwaka 1966 eneo lote la mji wa kale lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mwaka 1977 ukingo wa mto ulifunguliwa upya ukiwa na uwanja wa kutembea mbele ya maghala yale. Hata gereji iliyochukua nafasi ya soko iliondolewa, na mwaka 2010 kiwanja cha wazi kikarudi mahali pake. Leo familia zinapunga upepo huko, huku meli kubwa za makontena zikipita karibu kabisa kuelekea bandari mpya iliyo juu zaidi mtoni. Mwaka 2022 ulikamilika mradi wa kuongeza kina cha njia ya meli hadi mita 14 hivi.

Kuta pekee hazitoshi

Tungeweza kuishia hapa, tukawapongeza wale saba na kuaga. Lakini habari haijakamilika.

Kwa miaka mingi wageni waliotembelea nyumba za Savannah walionyeshwa ngazi, vioo na vyombo vya fedha. Walitajiwa mwenye nyumba na fundi aliyeichora. Hawakutajiwa aliyepika, aliyefua, aliyenyonyesha mtoto wa bibi mwenye nyumba huku wa kwake akilia uani. Aidha, nyumba zilipopendeza, bei zilipanda, na wapangaji maskini, wengi wao weusi, walilazimika kuhama. Baadhi ya wapenzi wa majengo waliliona tatizo hilo, na mwaka 1974 ukaanzishwa mpango wa kukarabati nyumba za kale ili watu wa kipato cha chini waendelee kukaa humo.

Hali kadhalika, mtaa wa biashara za watu weusi, West Broad Street, haukupata watetezi wenye fedha. Mwaka 1963 stesheni kubwa ya treni iliyokuwepo hapo ilibomolewa kupisha barabara kuu, na biashara nyingi zikafa. Aliyesimama kuokoa kilichobaki alikuwa W. W. Law, mgawa barua wa posta na kiongozi wa kudai haki za raia, aliyefariki mwaka 2002. Kutokana na kazi yake zilihifadhiwa nyumba na shule za watu weusi ambazo wengine waliziona hazina thamani.

Ukweli ulianza kuingia hata katika majumba makubwa. Nyumba ya Owens-Thomas, iliyojengwa mwaka 1819, ilisifiwa sana kwa kuwa na mabomba ya maji ndani yake tangu zamani hizo. Nyuma ya bustani yake kuna jengo la watumwa. Lilipofanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba dari yake bado ina rangi ya buluu waliyoipaka wenyewe, kwa kuamini kwamba inafukuza pepo wabaya. Mwaka 2018 makumbusho hayo yalibadilishiwa jina, na makazi ya watumwa yakatajwa katika jina lenyewe.

Mtoni nako kuna sanamu mbili za shaba. Moja ni ya Florence Martus, dada wa mtunza mnara wa taa. Kwa miaka 44, tangu 1887 hadi 1931, alipungia kila meli iliyoingia na kutoka, mchana kwa kitambaa na usiku kwa taa, ili baharia asijione mgeni. Ya pili ilizinduliwa mwaka 2002 baada ya miaka ya mabishano, kwa sababu mwalimu mstaafu, Dakta Abigail Jordan, hakukubali kunyamaza. Inaonyesha baba, mama na watoto wawili wamekumbatiana, na miguuni pao kuna minyororo iliyokatika. Familia hiyo imesimama karibu na maghala ya pamba, mahali ambapo kwa miaka zaidi ya 200 hapakuwa na alama yoyote ya watu kama wao.

Sisi na nyumba zetu

Akina mama, tunayojifunza hapa ni kwamba nyumba huokolewa mara mbili. Kwanza huokolewa kuta zake zisianguke. Kisha huokolewa ukweli wa waliokaa ndani yake usipotee. Kazi ya kwanza inahitaji fedha. Ya pili inahitaji ujasiri, na mara nyingi ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Kazi hiyo ya pili iko mikononi mwetu kila siku. Watoto wetu wataisimulia nyumba yetu kama sisi tunavyoisimulia. Watajua kwamba baba alijenga na mama alisomesha. Je, watajua pia jina la msichana aliyewabeba mgongoni tulipokuwa kazini? Si jina la utani tulilompa, bali jina lake na la wazazi wake na la kijiji alikotoka. Je, katika picha zetu za ubatizo, za arusi na za Krismasi, naye yupo, au alikuwa jikoni akipakua? Hatusemi kwamba msichana wa kazi ni mtumwa, na Mungu apishe mbali. Lakini kusahaulika kwa aliyetumika ni jambo linaloweza kutokea hata katika nyumba yenye upendo, kama halikuangaliwa.

Tunapendekeza mambo matatu mepesi ya kufanya mwezi huu. Kwanza, tuwaketishe watoto karibu na bibi au babu, wawaulize: nyumba yetu ya kwanza ilikuwa wapi, nani aliijenga, na nani alikuwa akipika humo? Majibu yaandikwe katika daftari, kwa majina na miaka. Pili, kama katika ukoo kuna nyumba ya zamani inayozozaniwa au inayongoja kubomolewa, tulizungumze jambo hilo mapema, kabla ya tingatinga kufika. Wanawake saba walitosha Savannah, na vikundi vyetu vingi vina zaidi ya saba. Tatu, tumpige picha msaidizi wetu wa nyumbani akiwa pamoja na familia, tuandike jina lake nyuma ya picha, na nakala moja tumpe aipeleke kwao.

Akina mama waliobeba matofali kwa aproni hatujui majina yao. Kazi yao tunaiona, lakini wao wenyewe hakuna aliyewaandika. Tusikubali yatokee hayo katika nyumba zetu.

Tuandikieni mtueleze mmepata nini kwa wazee wenu. Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.